Anayenunua mbwa ashike na brashi

Katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram wanakouzwa watoto wa mbwa, Dar es Salaam kwa Nairobi, German Shepherd hakosekani. Picha humwonyesha akiwa na miezi miwili, masikio bado hayajasimama, na maelezo huwa ni yale yale: ukoo safi, ameshachanjwa, ameshapewa dawa ya minyoo, bei inazungumzika. Jambo moja halitajwi. Mnyama huyo akikomaa atapukutisha manyoya kila siku ya mwaka, juu ya makochi, kwenye sare za shule, kwenye nguo nyeusi za msibani, hata ndani ya sufuria, na katika nyumba hiyo kuna mtu atakayeyaokota.

Ni nani huyo? Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla fedha hazijatoka mfukoni. Familia nyingi za mjini huliuliza baadaye, mbwa ameshaizoea nyumba, na majibu yanayopatikana huwa mabaya: afungiwe bandani mchana kutwa, anyolewe kipara, apewe jamaa mwenye shamba, au kazi yote aachiwe dada wa kazi ambaye hakuna aliyemuuliza. Mbwa hana kosa. Manyoya ni sehemu ya gharama ya kumfuga, sawa na chakula na chanjo, na anayepaswa kuilipa ni yule aliyemtaka.

Kila unywele wa mbwa una umri wake. Hukua, hupumzika, kisha huanguka na mwingine kuota mahali pale pale. Aina moja ya mbwa hutofautiana na nyingine kwa urefu wa hatua hizo. Kwa poodle hatua ya kukua ni ndefu mno, ndiyo maana manyoya yake huzidi kurefuka mpaka yapunguzwe kwa mkasi. Kwa German Shepherd, Labrador na husky, sehemu kubwa ya manyoya imekwisha kukua na inasubiri tu kutoka. Mambo haya yamo katika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science ulionyesha kuwa jeni tatu tu, RSPO2, FGF5 na KRT71, zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbwa wa aina moja na nyingine, yawe mafupi au marefu, yaliyonyooka au yaliyojisokota. Tafiti za baadaye zikaongeza jeni ya nne, MC5R, inayohusiana na wingi wa kupukutika. Shampuu haibadilishi jeni, hata iwe ya bei gani.

Kinachoharakisha au kuchelewesha kupukutika ni mwanga wa siku kuliko joto. Mjini Berlin, siku ndefu ya mwezi wa Juni ina karibu saa 17 za mwanga, na siku fupi ya Desemba haifikishi saa 8. Mwili wa mbwa huyahisi mabadiliko hayo. Baridi inapokwisha humwaga koti zito kwa wiki chache, na baridi inapokaribia hubadilisha tena. German Shepherd alitengenezwa katika mazingira hayo. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa na Max von Stephanitz huko Ujerumani mwaka 1899, na mbwa aliyemchagua alikuwa wa kuchunga kondoo nje, mvua na theluji vikimnyeshea.

Huku kwetu mambo ni mengine. Nairobi iko chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, na siku ndefu kuliko zote huizidi ile fupi kwa dakika chache tu. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki hata saa nzima. Mbwa akilala sebuleni chini ya taa mpaka usiku wa manane, mwili wake hauna cha kuuambia kwamba majira yamebadilika. Matokeo yake ni kupukutika kidogo kidogo bila msimu. Mwenye nyumba aliyesoma katika kitabu cha Ulaya kwamba shida huja mara mbili kwa mwaka kisha hupita, atangoja asione ikipita. Nyakati chache hali huzidi kwa sababu zinazojulikana: jike akimaliza joto au akishazaa, koti lake hupungua sana kwa muda, na kwa mbwa wenye manyoya marefu kuhasiwa kunaweza kubadilisha kabisa jinsi yanavyoota.

Husky anastahili kuzungumzwa peke yake. Mababu zake walifugwa na Wachukchi wa kaskazini mashariki mwa Siberia kwa kuvuta sleji juu ya barafu. Mwaka 1925, dondakoo lilipouvamia mji wa Nome katika Alaska, mbwa wa namna hiyo ndio waliopokezana kuifikisha dawa kupitia theluji, na Leonhard Seppala na kiongozi wa kundi lake, Togo, walipita sehemu ngumu kuliko zote. Mnyama mwenye historia hiyo leo anauzwa Dar es Salaam, Mombasa na Dubai kwa sababu ya macho yake ya buluu. Ana makoti mawili: la juu lenye manyoya marefu magumu, na la ndani laini lililoshonana ambalo hutoka kwa mafungu. Ukimpapasa mara moja tu, kiganja kinajaa.

Mwenye mbwa akichoshwa na mafungu hayo humpeleka kwenye mashine ya kunyolea, akidhani anamwondolea joto na kujiondolea usumbufu. Ni kosa, na linatendwa kwa nia njema. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama binadamu. Hupoa zaidi kwa kuhema. Koti la juu humkinga na jua la saa saba mchana, na likinyolewa ngozi iliyokuwa imefichika hubaki wazi kuungua. Kupukutika nako hakukomi, ila sasa vinaanguka vipande vifupi vinavyochoma na kung'ang'ania kwenye kitambaa kuliko manyoya marefu. Kwa mbwa wengine koti huchelewa kurudi, au hurudi likiwa na mabaka. Kinachomsaidia kweli ni kuchanwa mpaka manyoya mafu ya ndani yatoke na hewa ipite. Na ukweli wenyewe usemwe wazi: mfanyabiashara anayejali wanyama hapaswi kuuza husky katika mji wa pwani, na mnunuzi anayejali hapaswi kumtafuta.

Wapo wanaotaka kuikwepa kazi kwa kutafuta mbwa asiyepukutisha. Hapo bei hupanda na maneno huongezeka. Tangazo likisema mbwa fulani hana manyoya ya kuanguka na hana madhara kwa mwenye pumu au mzio, mnunuzi afahamu kuwa hayo ni mambo mawili tofauti yaliyofungwa pamoja.

La kwanza lina ukweli ndani yake. Poodle, Maltese na Shih Tzu huacha manyoya machache sana sakafuni. Lakini manyoya yasiyoanguka hujisokota mwilini, na bila kuchanwa kila mara na kupunguzwa kila baada ya wiki kadhaa hushikana yakawa mafundo yanayovuta ngozi na kuficha kupe. Aliyekwepa ufagio ameupokea mkasi.

La pili ni gumu zaidi. Kinachomfanya mtu apige chafya na kuwashwa macho ni protini zilizomo kwenye mate ya mbwa na ukoko wa ngozi yake, na mojawapo inayojulikana zaidi wanasayansi wameiita Can f 1. Unywele huibeba tu. Mwaka 2011 watafiti wa Henry Ford Hospital mjini Detroit walipima vumbi la nyumba zenye mbwa wanaosifiwa kuwa salama kwa wenye mzio, wakalilinganisha na la nyumba zenye mbwa wengine, wasione tofauti. Mwaka uliofuata utafiti wa Uholanzi uliochunguza manyoya yenyewe ulikuta mbwa hao wanaosifiwa wakiwa na protini hiyo nyingi zaidi, si chache.

Asili ya sifa hizo inajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron alikuwa msimamizi wa uzalishaji katika chama cha mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia. Mama mmoja asiyeona huko Hawaii aliomba mbwa ambaye hatamdhuru mumewe mwenye mzio. Conron alijaribu poodle wengi wasifae kwa kazi ile, mwishowe akampandisha Labrador kwa poodle. Wakazaliwa watoto watatu. Alituma sampuli za mate na manyoya yao Hawaii, na ni mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ambaye hakumsumbua yule mume. Mmoja kati ya watatu, wa baba mmoja na mama mmoja. Badala ya dunia kuona jinsi jambo hilo lisivyotabirika, ilisikia kwamba Labradoodle ni mbwa asiye na mzio, na tangu hapo wafugaji wamekuwa wakiuza mchanganyiko wa kila namna kwa ahadi hiyo. Conron mwenyewe alikuja kueleza hadharani kuwa anajuta. Kwa mtoto mwenye pumu, njia ya uhakika ni kukaa na mbwa huyo huyo anayetarajiwa kununuliwa, zaidi ya mara moja, na kumsikiliza daktari kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Katika shauku hii ya mbwa wa kizungu, mbwa wa kienyeji anapitwa bila kutazamwa. Naye hupukutika, na vinywele vyake vifupi hujichoma kwenye zulia, lakini koti lake ni jepesi, hana mafundo, na jua la nchi hii ndilo lililomlea. Katika misitu ya Kongo yuko basenji, mbwa wa wawindaji ambaye habweki kama wengine na hujilamba akajisafisha mithili ya paka. Waingereza walipomfikisha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937 watu walijazana kumwona, na leo Ulaya na Marekani hununuliwa kwa fedha nyingi, moja ya sababu ikiwa ni manyoya yake mafupi yasiyosumbua. Mtu wa Kisangani au Kigoma anayetafuta husky yuko karibu na msitu wa basenji kuliko mtu yeyote wa London.

Turudi kwenye swali la nani anayeokota. Katika nyumba nyingi za Mikocheni, Kilimani au Nyali, baba huondoka asubuhi, mama huondoka asubuhi, watoto huenda shule, na mbwa hubaki na binti aliyeajiriwa kupika na kulea. Kazi ya mbwa hakutajiwa siku ya kuajiriwa. Iliongezwa kimya kimya, pengine wiki ile mbwa alipoletwa, na mshahara ukabaki ule ule. Yeye ndiye anayefagia asubuhi na kufagia tena jioni, yeye ndiye anayelaumiwa mgeni akiinuka kitini na manyoya kwenye suruali.

Kama binti huyo ni Mwislamu wa Tanga au Pemba, mzigo una uzito mwingine ambao mwajiri huenda hajawahi kuufikiria. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito: kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu ya Maliki yana msimamo tofauti, lakini si yanayofuatwa na wengi hapa. Kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi, ila unywele wenyewe ukiwa kwenye nguo au mswala lazima uondolewe kabla ya kusali, na mtu anayepiga deki sakafu yenye manyoya ameshayalowesha na kuyashika. Kumwambia afanye hivyo kila siku kisha ajitwaharishe mara saba kati ya kazi na kazi ni kumdharau. Mwajiri mwenye adabu atakubaliana naye mapema, atamnunulia glovu, ataweka chumba chake na mahali pake pa kusalia mbali na mbwa, au ataiondoa kazi hiyo mikononi mwake kabisa. Hata kwa asiyekuwa Mwislamu, kazi ya ziada ina malipo yake.

Kazi yenyewe, ikifanywa na mwenye mbwa, si kubwa inavyoogopwa. Manyoya yanayotolewa kwa brashi uani hayafiki sebuleni. Hiyo ndiyo siri yote. Kwa mbwa wa manyoya mafupi inatosha brashi ya mpira. Kwa mwenye makoti mawili linahitajika chanuo la chuma lenye meno marefu, likipita polepole kufuata manyoya yalivyolala, mara kadhaa kwa wiki. Mbwa aliyezoeshwa tangu mdogo hulala chali akifurahia, na yule anayemchana ndiye wa kwanza kugundua uvimbe, kidonda au kupe. Ndani ya nyumba, ufagio mkavu hurusha manyoya yakatua mahali pengine, kwa hiyo tambara lenye unyevu hufaa zaidi sakafuni. Glovu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, ikipitishwa juu ya kochi kwa mkono, huyakusanya yakawa bonge. Zulia nene na mbwa wa makoti mawili haviwezi kuishi pamoja kwa amani. Mkeka unaokung'utika nje ni bora. Na mbwa asiogeshwe bafuni kwa watu, maana bomba litaziba.

Chakula nacho kina sehemu yake. Unywele ni protini, na sehemu kubwa ya protini anayokula mbwa huishia kwenye ngozi na koti. Anayelishwa ugali na mchuzi tu atapukutika kuliko alivyoumbwa. Dagaa wasio na chumvi, mayai, maini na nyama humrudishia anachopoteza, na kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa Singida, kina asidi ya linoleiki ambayo ngozi ya mbwa huihitaji na mwili wake hauwezi kuitengeneza. Sabuni ya mche ya kufulia iachwe kwenye nguo. Hukausha ngozi ya mbwa, na ngozi kavu huachia manyoya na ukoko kwa wingi, kisha mwenye nyumba akaongeza kuogesha akidhani anapunguza.

Kupukutika kwa kawaida husambaa mwili mzima na hakuachi kipara. Ikionekana sehemu tupu, wekundu, magamba, harufu mbaya, au mbwa anajikuna usiku kucha, hapo brashi haina kazi. Huenda ni utitiri wa upele, viroboto, choa, homa ya kupe au tezi, na anayejua ni daktari wa mifugo. Tabia ya kumwagia mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo imewahi kuua mbwa ambao wangepona kwa matibabu madogo.

Daktari huyo huyo ndiye wa kuulizwa kuhusu minyoo, na hapa manyoya yanastahili hofu iliyo na sababu. Unywele hauotei mapafuni, kinyume na wanavyoamini wengi. Lakini mayai ya tegu aina ya Echinococcus hutoka na kinyesi cha mbwa na yanaweza kunata kwenye koti lake, kisha yakafika kinywani mwa mtoto anayemkumbatia na kuleta uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mbwa na watu huishi karibu sana, ugonjwa huo uliwahi kurekodiwa kwa viwango vya juu kabisa duniani, na sehemu ya kampeni iliyopambana nao ilikuwa kuwapa mbwa dawa ya minyoo ya praziquantel. Kufagia pekee hakumkingi mtoto. Anakingwa na dawa ya minyoo kwa wakati, kutompa mbwa viungo vya ndani vibichi vya machinjioni, na kunawa mikono.

Na manyoya yaliyokwisha kuchanwa? Wasalish wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika walifuga mbwa wadogo weupe kwa ajili ya manyoya tu. Waliwanyoa kama kondoo na kufuma mablanketi yaliyokuwa alama ya heshima. Ngozi ya mmoja wao, Mutton, aliyekufa mwaka 1859, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani, na mwaka 2023 wanasayansi wakishirikiana na wazee wa Kisalish walichapisha usomaji wa jeni zake. Aina hiyo ya mbwa imekwisha toweka.

Huku kwetu manyoya hutupwa kichakani, na wengine huyaacha kwa makusudi ili ndege wajengee viota. Ni wema unaohitaji tahadhari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichunguza viota vya ndege wadogo vilivyotandikwa manyoya ya wanyama nchini Uingereza, wakatoa matokeo mwaka 2025: hakuna kiota kilichokosa dawa ya wadudu, hasa fipronil, ambayo wafugaji huwapaka mbwa na paka dhidi ya viroboto na kupe. Viota vilivyokuwa na dawa nyingi zaidi vilikuwa na mayai zaidi yasiyoanguliwa na vifaranga zaidi waliokufa. Dawa hiyo hiyo inauzwa katika maduka ya mifugo ya Arusha na Nakuru. Kwa hiyo manyoya ya mbwa aliyepakwa dawa yasiachwe uani yapeperushwe na upepo. Yaingizwe kwenye mfuko wa taka siku hiyo hiyo, na aliyekuwa ameshika brashi aufunge mwenyewe.